Kioo cha Pili

Daktari wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi, na asubuhi ile hata hayo machache aliyabania.

"Si moyo," alisema kwenye simu. "Ni gesi ya mkaa. Damu yake imejaa tele. Mzee aliivuta usiku kucha, akalala, hakuamka."

Akakata.

Mpelelezi aliirudisha simu mezani, akaitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Wazazi wake walimpa jina zuri, nalo lilikuwa kwenye kitambulisho chake, ila kituoni hakuna aliyelitumia. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Kwanini. Alikuwa mjane mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia, na swali lake lilikuwa lile lile moja, alilizungusha mpaka mtu achoke kudanganya.

"Mkaa?" Koplo, msaidizi wake, alishangaa. "Afande, chumba alichofia hakina jiko. Hakina hata kibatari. Na zimamoto walipima siku ya mazishi, kipimo hakikucheza."

"Siku ya mazishi madirisha yalikuwaje?"

"Wazi yote. Watu walikuwa wamejaa."

"Na jiko la jikoni?"

Koplo akakuna kidevu. "Lilikuwa limezimwa. Chakula kililetwa na majirani."

"Basi zimamoto walipima nyumba nyingine. Kaazime tena kile kipimo. Leo tutaipima ile aliyofia Mwalimu."

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa juu, mlimani, ambako ukungu huamka kabla ya watu na kulala baada yao. Ilijengwa kwa mawe, chini na juu, na langoni kulikuwa na kibao cha shaba kilichoonya kwamba jengo linalindwa kwa sheria: mtu asiguse uso wake, wala mbao zake, wala vioo vyake. Madirisha yalikuwa marefu kuliko milango. Vioo vilikuwa vya zamani, vilivyopulizwa kwa mdomo, kila kimoja na mawimbi yake. Ukipita nje ukamtazama mtu aliye ndani, uso wake unavunjika, unaungana, unavunjika tena.

Uzuri ule ulikuwa na ada yake. Baridi iliingia kwenye nyufa kama mwenye nyumba. Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, alitaka kung'oa madirisha yote atie ya alumini. Idara ya Majengo ya Kale ikamwambia labda aing'oe idara kwanza. Wakavutana mpaka wakapatana. Madirisha yatabaki, ila yatakarabatiwa na kutiwa ukanda wa mpira pembeni kuziba nyufa. Kwa upande wa ndani, kila dirisha litapewa kioo cha pili, kinachoshikwa na vibanio, kiasi kwamba siku kikitolewa hakitaacha alama. Hewa iliyonaswa katikati ya vioo viwili ingekuwa kama blanketi. Kazi iliisha baridi ilipoanza kushika. Nyumba ikapata joto ambalo haikuwa nalo tangu iwe nyumba.

Na hapo ndipo watu walipoanza kusikia nyayo.

Aliyewaeleza hayo alikuwa mtoto wa mwisho wa marehemu, mwanamke wa makamo ambaye bado aliitwa Kitinda. Aliishi mbali na pale, alikuja kwa ajili ya mazishi, na hakuwa ameondoka. Aliwapokea barazani, mtandio mweusi mabegani, macho mekundu.

"Zamani nyumba hii ilipiga mluzi," alisema. "Upepo ukipita nyufani. Tulilala na mluzi huo toka utotoni. Walipoziba, kimya. Kimya mpaka unasikia damu masikioni. Baba akanipigia simu, akaniambia, 'Kitinda, kuna mtu anatembea chumbani kwangu.' Nikacheka. Nikamwambia ni panya aliyenunua viatu."

"Wewe umewahi kusikia?"

Kitinda aligeuka akatazama ngazi za ndani. "Nilikuwa sijasikia. Tangu tumzike, namsikia yeye. Nikikaa mle chumbani, anavuta kiti."

Kutoka jikoni akaja mwanamke mrefu, mkavu kama ufito, akijifuta mikono kwenye aproni. Huyu alikuwa dada wa marehemu. Nyumba nzima, mpaka muuza maziwa, walimwita Shangazi.

"Shangazi, shikamoo," alisema Mama Kwanini. "Leo tuna ombi. Washa jiko, upike sufuria kubwa, kama siku ile. Madirisha ya juu tuyafunge. Mimi nitakaa chumbani kwa Mwalimu."

"Marahaba. Nipike ale nani? Mlaji ameshaenda." Kisha akashusha sauti. "Na chumba kile si cha kukaa wageni, mama. Nyumba hii ina wenyewe."

"Kwa nini unasema hivyo?"

Shangazi alimpa kisogo. Alirudi jikoni, na baada ya muda wakasikia mkaa ukimiminwa.

Chumba cha kusomea kilikuwa juu ya jiko. Kabati la vitabu lilifunika ukuta mmoja, dirisha lilishika mwingine, na nje ya dirisha kulikuwa na roshani ya mbao iliyounganisha vyumba vya juu. Mama Kwanini aliketi kwenye kiti cha marehemu, akaweka kipimo miguuni, akamwambia Koplo asimame nje ya mlango na kugonga kila baada ya muda mfupi. "Nisipojibu, ingia."

"Kwa nini usiache kipimo peke yake, afande?"

"Kipimo kitaniambia kuna nini. Hakitaniambia Mwalimu alisikia nini."

Mlango ukafungwa.

Mwanzoni hapakuwa na kitu ila joto, joto zuri la kusinzia. Aliona uso wake kwenye kioo cha ndani, na nyuma yake ukaonekana uso wake tena kwenye kioo cha nje, umepinda kidogo, kama ndugu aliyekuja kuchungulia. Mti wa bustanini ulicheza kwenye mawimbi ya vioo ingawa upepo haukuwapo. Koplo aligonga, akajibu. Akagonga tena, akajibu. Kichwa kikaanza kuwa kizito upande wa kisogo.

Kisha sakafu ikalia. Ubao mmoja, halafu wa pili, kwa mpangilio, kutoka ukutani kuja kitini. Mama Kwanini hakugeuka. Alijiambia kwamba mbao hukua zikipata joto. Alijiambia hivyo kwa maneno yaliyonyooka, na neno la mwisho lilikuwa bado mdomoni mume wake alipokohoa nyuma yake.

Kilikuwa kikohozi chake hasa. Kikavu, mara tatu, kisha kusafisha koo, kama alivyofanya kila alipotaka kuuliza jambo na kuona haya. Mbali, simu ya nyumba yao ya zamani ikaanza kulia. Mtu akawa anagonga mahali. Mama Kwanini alitaka kumwambia mumewe akapokee simu, yeye yuko kazini, lakini ulimi ulikuwa umemlala.

Aliporudiwa na fahamu sawasawa alikuwa kwenye roshani, amekalia sakafu, hewa ya baridi ikimpiga usoni, na Koplo amemshika mabega. Kipimo kilikuwa kinapiga kelele kama mtoto aliyefinywa.

"Nimegonga mpaka vidole vimechubuka!" Koplo alikuwa karibu kulia. "Afande, siku nyingine nitume mimi nikafe, nina bima."

"Simu," alisema Mama Kwanini. "Kumbe ilikuwa kipimo." Kikohozi hakukitaja.

Walifungua mlango na dirisha, wakasubiri kipimo kinyamaze, ndipo wakaingia kufanya kazi. Walisogeza kabati la vitabu. Nyuma yake, kwenye ukuta, plasta ilikuwa na ufa mpana wa kuingiza ukucha, na kandokando ya ufa kulikuwa na weusi wa masizi. Ndani ya ukuta ule ndimo ilimopanda dohani ya jiko la chini.

"Ufa huu una umri," alisema Koplo. "Miaka yote umekuwa ukivuja, na miaka yote madirisha mabovu yamekuwa yakiwaokoa."

"Ndiyo. Lakini fundi aliyeziba madirisha alituambia nini kwenye simu?"

"Kwamba aliacha matundu ya hewa juu ya kila fremu."

Wakatazama juu. Matundu yalikuwapo, katikati ya kioo cha nje na kioo cha pili, lakini hayakuwa na mwanga ndani yake. Koplo alihangaika na vibanio mpaka akavunja ukucha na kutamka neno lisilofaa, kioo cha ndani kikatoka. Mama Kwanini akapanda kiti, akaingiza kibano tunduni, akavuta. Kikatoka kipande cha sufi, laini, ya manjano kwa uzee, imepakwa nta ya mshumaa juu yake ili isianguke. Tundu la pili vivyo hivyo. La tatu pia.

"Hii si baridi wala bahati mbaya," alisema. "Hii ni mikono ya mtu."

Chini, barazani, Kitinda alisubiri jibu, na Mama Kwanini alimpa, kwa kuwa alikuwa na haki nalo. Alimweleza kuhusu ufa, na gesi isiyo na rangi wala harufu, na jinsi inavyochezea akili kabla ya kuizima. Hakumwambia kuhusu sufi.

Kitinda alisikiliza kwa makini kuliko ilivyopendeza. "Kwa hiyo anayeivuta ndiye anayesikia?"

"Husikia, huona, kisha hufa."

"Husikia sauti ya nani?"

Mama Kwanini alisita. "Kila mtu na wake," alisema, na neno hilo alikuja kulijutia.

Jiko likazimwa kwa maji mbele ya macho yake. Dirisha la chumba likaachwa wazi. Kabla ya kuondoka Mama Kwanini alisimama kidogo akiutazama mti wa bustanini kupitia vioo vya zamani, kimoja kimoja, huku akisogeza kichwa kushoto na kulia.

"Koplo, njoo uone. Huku mti unacheza. Hapa unacheza. Na hapa chini?"

"Hapa umesimama wima kama askari wa gwaride."

Akagusa ukingo wa kile kioo. Gundi nyeupe iliyokishika ilikuwa bado laini, ukucha ukaingia.

"Twende kwa fundi," alisema.

Karakana ya fundi wa madirisha ilikuwa mjini chini, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwenyewe aliitwa Macho Manne kwa miwani yake minene, naye alikuwa mcheshi wa kupitiliza, aina ya mtu anayeuza maneno na kukuongezea kazi kama zawadi.

"Karibuni, ila angalieni miguu. Hapa kwangu hata mbu huvaa buti."

"Mara ya mwisho kwenda kwa Mwalimu ilikuwa lini?" aliuliza Mama Kwanini.

"Nilipomaliza kazi. Sijarudi."

"Kwa nini kioo cha chini, kulia, hakina mawimbi?"

Macho Manne alivua miwani akaanza kuifuta. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, kama wa mtu mwingine. "Vioo vya zamani havifanani, afande."

"Na gundi ya zamani huwa laini?"

Miwani ikafutwa muda mrefu.

"Kuna mtu anauza vitu vya kale," alisema hatimaye. "Vioo vile havitengenezwi tena popote. Alinisumbua sana. Nikatoa kimoja, nikatia cha kawaida. Nani angejua?"

"Mwalimu alijua."

"Alikaa mbele ya dirisha lile kila siku. Akaona mti umeacha kucheza. Aliniita, akaniambia nirudishe kabla hajaiambia Idara. Nilikuwa narudisha, haki ya Mungu, kipo pale kimefungwa kwenye gunia."

"Sikiliza linavyosikika. Mwalimu anakukamata. Mwalimu anakufa. Na matundu ya hewa ya dirisha ulilotengeneza wewe yamezibwa."

Koplo alishajongea mlangoni, mkono kiunoni. Lakini Macho Manne hakukimbia wala hakutetemeka. Alivaa miwani yake, na macho nyuma ya miwani yalikuwa yamejaa ghadhabu.

"Yamezibwa? Matundu yangu? Kwa nini?"

"Ndilo swali langu."

"Afande, mimi ni mwizi wa kioo, sawa, nifunge. Lakini kuziba nyumba bila kuiachia hewa ni kumfunga mtu mdomo na pua. Joto hukimbilia nyufani kwa fujo. Sisi tunaziba nyufa, halafu tunaacha njia ndogo tunayoijua wenyewe, hewa ipite kwa adabu. La sivyo kuta zinaota ukungu, na watu wanaota maradhi. Bwana wa Idara hakutia sahihi mpaka amepanda ngazi kuyakagua. Nimwue mtu kwa kazi yangu mwenyewe? Si bora nimsukume ngazini?"

"Ameongea ukweli," Koplo alinong'ona. "Kwa bahati mbaya."

Mama Kwanini alitoa kifuko chenye sufi. "Ili mtu aifikishe hii kule, afanye nini?"

"Lazima atoe kioo cha pili. Na vibanio vyangu vina ujanja. Ukivuta ovyo, kioo kinapasuka."

"Nani nyumbani mle aliujua ujanja huo? Mwalimu?"

"Mwalimu? Baridi yabisi ilimkunja vidole mpaka alifungwa vifungo vya shati. Nilimfundisha dada yake. Kwa ajili ya kufuta vumbi."

Askari wa zamu wakaja kumchukua Macho Manne na gunia lake. Mama Kwanini na Koplo walipanda mlima kurudi. Mchana ulikuwa umeanza kulegea. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini ya mapaa, hujui kipi ni wingu na kipi ni moshi wa nyumba za watu.

Chumba cha Shangazi kilikuwa chini, upande wa mbele, mlango wake ukitazama baraza. Aliuacha wazi pamoja na baridi ile yote. Alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo za kaka yake, moja juu ya nyingine, mikono ya mashati imepishana vifuani. Alipowaona hakusimama.

Mama Kwanini aliketi kwenye kiti. Juu ya kitanda, kando ya mto mkubwa, kulikuwa na mto mdogo wa mtoto. Ulikuwa umenywea kama puto la jana.

"Mto huu umepungua, Shangazi."

"Wa siku nyingi."

"Wa nani?"

Shangazi alikunja shati. Akalifungua, akalikunja tena. Mama Kwanini akauweka ule mto mkononi mwa Shangazi, akaonyesha ushonaji mpya pembeni, kisha akaweka kifuko cha sufi juu yake. Vilikuwa na rangi moja, ya manjano ya uzee.

"Kwa nini?" aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

"Wa mwanangu," alisema Shangazi. "Homa ilimchukua mle juu. Kilikuwa chumba chake kabla hakijawa cha vitabu. Hata wewe umezaliwa hukumkuta." Alipiga uso wa mto kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Siku moja upepo ulikuwa mkali, yale matundu yakawa yanalia. Nikayaziba kwa kitambaa, nikakaa nipumzike, maana nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nikamsikia. Alikuwa na mguu mmoja mfupi, mama. Kisigino kimoja kizito, kingine chepesi. Nani mwingine atembee hivyo?"

"Ukaacha kitambaa."

"Nilikitoa. Hakuja. Nikakirudisha, akaja. Nikatoa tena, nikarudisha tena. Mimi si mjinga, nilijaribu kama nyinyi mnavyojaribu. Wewe ungefanyaje? Nikafungua mto wake, nikaziba vizuri."

"Mwalimu hakuambiwa?"

"Angesema ni ushamba. Alisikia nyayo, akadhani akili inamtoka, akanyamaza kwa aibu. Jioni alikuwa akikaa sebuleni. Siku ile baridi ilizidi, akasema chumba cha juu ndicho chenye joto, atalala kitini. Mimi nikapika, nikaongeza mkaa wa usiku, nikalala." Aliusogeza mto kifuani. "Walipomkuta, nilidhani mtoto amemfuata mjomba wake. Nilimwonea kaka wivu. Leo ulipotolewa pale umelegea, ndipo nilipojua ni mimi."

Koplo alitazama pembeni. Mama Kwanini alikuwa ameshatoa daftari, akaendelea kuandika.

"Na kuna jambo," Shangazi alisema. "Leo, ulipokuwa juu, nilisikia mwanamume anakohoa. Kikavu, mara tatu, halafu akasafisha koo. Si kaka. Si mtu wa nyumba hii. Yule ni nani?"

Kalamu ikasimama.

"Koplo, ulikohoa pale mlangoni?"

"Hapana, afande. Wala sina mafua."

Hilo halikuandikwa. Mama Kwanini alifunika kalamu, akafungua mdomo kusema maneno ya sheria ambayo husemwa wakati kama huo, na juu ya vichwa vyao sakafu ikalia.

Hatua moja. Nyingine. Kitu kizito kikaburutwa.

"Amekuja," Shangazi alinong'ona, na uso wake ukawa wa msichana.

Mama Kwanini alitazama mlango uliokuwa wazi. Upepo ulikuwa ukiingia mle chumbani kwa raha zake. Hapakuwa na gesi pale. Akamtazama Koplo. Koplo naye alikuwa ameinua macho darini.

"Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Shangazi, Kitinda yuko wapi?"

"Alisema anakwenda sokoni."

Juu kitu kikaanguka, kikatulia.

Walikimbia. Jikoni jiko lilikuwa limejazwa mkaa mpaka shingoni, jekundu lote. Koplo akalimwagia ndoo ya maji, mvuke ukamfunika, akawafuata wanawake ngazini. Mlango wa chumba cha kusomea ulifunguka upana wa kiganja ukagota. Kitinda alikuwa ameburuta kabati la vitabu mlangoni, asije mtu kumkatiza.

"Kitinda! Kitinda, fungua!"

Koplo alipiga bega mara ya kwanza, ya pili. Kabati lilisogea unywele. "Roshani!" alisema Mama Kwanini. Wakapita chumba cha pili, wakatoka kwenye roshani ya mbao, ukungu ukawapokea.

Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo kwa ndani. Kioo cha pili kilikuwa kimerudishwa. Kibanio kimoja kimekaa upande lakini kimeshika. Mtandio mweusi ulikuwa umesokomezwa kwenye matundu. Kupitia mawimbi ya kioo walimwona Kitinda sakafuni kando ya kiti, mkono umenyooka mbele kama wa mtu aliyekuwa ameshikwa mkono. Uso wake ulivunjika, ukaungana, ukavunjika. Alikuwa anatabasamu.

Koplo alivuta fremu kwa mikono miwili. Fremu ile iliyokarabatiwa vizuri haikutikisika. "Afande, hivi vioo sheria inasema..."

"Piga!"

Lakini hakuwa na cha kupigia, na alipokuwa akizungukazunguka kutafuta, Shangazi alimpita akiwa na kigoda cha roshani mikononi, amekiinua juu ya kichwa kama mtu mwenye nusu ya umri wake. Akafika dirishani. Akasimama.

Hakuwa anamtazama Kitinda. Alikuwa anatazama juu kidogo ya Kitinda, kando ya kiti, mahali ambapo Mama Kwanini hakuona kitu ila ukuta na mwanga uliopinda.

"Sogea, mwanangu," Shangazi alisema kwa upole. "Sogea kando, kioo kisikukate."

Alingoja kidogo, kadiri ya muda ambao mtoto mwenye mguu mmoja mfupi angehitaji.

Kisha akapiga. Kioo cha zamani kilivunjika kwa sauti nyembamba. Cha pili kikastahimili pigo moja, la pili kikalipuka ndani. Aliendelea kupiga mbao za katikati, zile ambazo sheria ilikataza kuguswa, mpaka zikawa vijiti, na damu ikamtiririka kutoka viganjani hadi viwikoni. Mama Kwanini akapita kwenye tundu lile, Koplo nyuma yake. Wakamvuta Kitinda, wakamtoa roshanini, wakamlaza ubavu. Koplo alimpiga mgongo, akamwita, akamtukana, akamwomba radhi.

Kitinda akavuta pumzi moja ndefu iliyokwaruza, kisha nyingine. Machozi yakamtoka kabla ya macho kufunguka.

"Alikuwa ananieleza kitu," alisema. "Baba. Alikuwa bado hajamaliza."

Koplo akashuka kuita gari la wagonjwa. Mama Kwanini alichana kitambaa cha shuka kutoka chumba cha pili, akaifunga mikono ya Shangazi, mmoja kisha mwingine, akikaza mafundo polepole. Pingu zilikuwa mfukoni mwake na zilibaki humo.

"Nitakwenda na wewe kituoni," alisema. "Baada ya daktari kukuona. Nitaandika ulivyosema, yote."

"Andika," Shangazi alisema.

Ukungu ulikuwa unaingia chumbani, unapita juu ya vitabu na kwenye kiti. Shangazi aliweka kichwa chake karibu na dirisha lililobomoka, akasikiliza. Akabana pumzi, akasikiliza tena, muda mrefu, uso umeelekea kule ndani ambako upepo ulikuwa ukigeuzageuza kurasa. Halafu akajitoa pale, akapiga magoti taratibu kando ya Kitinda, akakipakata kichwa chake kwa mikono ile iliyofungwa, na baridi ikawapuliza wote wawili.